Mshono wa mgongoni umerudi baada ya rangi ya fedha. Nimekosea wapi?

KindaLaPlastiki aliandika:

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna kitu kimenikosesha usingizi, leo siku ya tatu. Najenga ndege yangu ya tatu ya plastiki tangu niupate ugonjwa huu wa ndege za mfano, MiG-15 ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko halisi. Mbili za kwanza nilizipaka mabaka ya kijani na kahawia, na mabaka yakanisitiri madhambi yote. Hii nikajitia ujasiri, nikasema iwe ya fedha, maana MiG nyingi ziliruka na rangi ya bati lake.

Nilivyofanya ni hivi. Nilimaliza chumba cha rubani, nikajaza risasi za mshipi wa kuvulia puani isije ikakalia mkia, kisha nikaunganisha nusu mbili za kiwiliwili kwa gundi nyepesi, ile ya majimaji inayotambaa yenyewe ndani ya ufa. Nikaifunga kwa maskinteipu nikalala. Asubuhi nikapaka puti ya kijivu ya tyubu, mgongoni na tumboni. Baada ya saa mbili hivi ilikuwa ngumu ukiigusa, nikapiga msasa namba 400, halafu 800. Prima ya kijivu, ile rangi ya chini, ilikaa vizuri mpaka nikamwita mke wangu aje aone. Nikaweka nyeusi ya kung'aa, juu yake fedha. Usiku ule ilikuwa kama imetoka kiwandani.

Siku ya tatu naichukua rafuni, naigeuza kwenye taa, naona mstari. Mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye shina la mkia unakuja mpaka nyuma ya kioo cha rubani. Ukucha unaupata kwa shida lakini jicho linauona ukiwa bado mlangoni. Tena si huo tu. Mgongo wenyewe umekuwa bapa, ukiutazama kwa nyuma ni kama mkate uliokaliwa. Na mistari ya paneli, ile mifereji midogo inayoigiza maungio ya mabati, iliyokuwa inavuka mgongo imeishia njiani kulia na kushoto, katikati hakuna kitu, kama daraja lililobebwa na mafuriko.

Je, nivue rangi yote nianze upya? Puti ndiyo mbaya? Niliambiwa ile ya tyubu ndiyo wanayotumia wote. Na kwa faida ya ndege ya nne, nyie mnafanyaje mshono usirudi?

---

Gari_Bovu aliandika:

Puti achana nayo kaka. Supaglu, dakika kumi, msasa, maisha yanaendelea. Mimi huu mwaka wa sita sijanunua puti.

---

MzeeTupa aliandika:

Kinda, karibu kwenye chama cha wanaogeuzageuza ndege kwenye taa usiku. Kosa lako kubwa liko kwenye kalenda. Msasa tutauzungumza, lakini hata ungekuwa na mkono wa malaika, kwa siku ulizotumia ule mstari ungerudi tu.

Hiyo gundi ya majimaji haigandi kama gundi ya mbao. Ni kiyeyusho. Inayeyusha plastiki ya upande huu na ya upande ule, zinachanganyika, halafu kiyeyusho kinaondoka taratibu kwenda hewani. Asubuhi ulipoamka juu palikuwa pakavu, ndani bado ugali. Wewe ukaongeza puti ya tyubu, ambayo nayo ni unga uliokorogwa na kiyeyusho. Ukaupiga msasa mshono mzima ukiwa umevimba. Ukapata usawa mzuri kabisa wa kitu kilichovimba! Kisha ukafunika kwa prima, nyeusi na fedha. Chini ya rangi kiyeyusho kikaendelea na safari yake, plastiki ikanywea, puti ikanywea, na rangi ikashuka nayo. Unachokiona leo ni bonde lililokuwa linajichimba wakati unamwita mama watoto aje aone.

Prima ya kijivu haikukuonyesha kwa sababu ni kavu, haing'ai, inautawanya mwanga. Fedha inaurudisha kama kioo. Kiwiliwili cha fedha ni mpelelezi. Na ukubwa wa kosa usiupime kwa macho ya mezani. Kwa 1/72, ufa wa milimita 0.1 kwenye ndege halisi ungekuwa milimita 7.2. Ni unene wa penseli. Hakuna rubani angepanda ndege ambayo penseli inalala mgongoni mwake kutoka mkiani hadi kwenye kiti.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nilijenga Mustang P-51D ya 1/48, ya fedha pia, nikaimaliza kwa siku nne kwa sababu kulikuwa na maonyesho nikitaka nami nionekane. Asubuhi ya maonyesho ilikuwa safi. Kufika saa nane mchana, chini ya zile taa kali, akasimama mtoto wa miaka kama tisa, akainama, akaniuliza, "Huu mstari ni wa nini?" Nikamwambia ni wa paneli. Akanitazama, akaenda zake. Sijui kama aliniamini, ila mimi sikujiamini.

Siku hizi nikishafunga kiwiliwili naandika tarehe kwa penseli kwenye maskinteipu yenyewe. Gundi nyepesi, siku mbili ndipo niguse. Nikiwa nimetoa tuta, wiki nzima, na wakati huo najenga magurudumu. Na kabla ya msasa nanusa mshono kwa mbali. Ukisikia harufu ya gundi, bado.

Tuta ni hivi, na ndilo jibu la swali lako la ndege ya nne. Usipange kuziba ufa, panga usiwepo. Kwanza sugua kingo za nusu zote mbili kwenye msasa uliolazwa juu ya kipande cha kioo, kidogo tu, mpaka zilale sawa. Zikutanishe bila gundi, zitazame kwenye taa. Kisha acha upenyo mwembamba kama karatasi, pitisha brashi ya gundi, ngoja sekunde chache, pitisha tena, halafu bana taratibu kwa vidole viwili. Utaona uzi wa plastiki iliyoyeyuka unachomoza kando ya mshono, kama dawa ya meno inavyochungulia kwenye tyubu. Huo uzi ndio puti yako. Ni plastiki ileile, ugumu uleule, ukikauka vizuri msasa hautofautishi. Fanya sentimita tatu tatu, usikimbilie urefu wote. Sehemu nyingi hutahitaji puti kabisa.

Sasa tuje kwa ndugu yangu Gari_Bovu. Hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Supaglu hainywei kwa kiasi cha kuonekana, na hiyo ni sifa kubwa kwa ndege ya fedha. Lakini ina saa yake. Ukiipiga msasa siku hiyohiyo, ndani ya saa moja au mbili, inalingana na plastiki. Ukiiacha mpaka kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki, na hapo msasa unakula pande mbili laini na kuiacha yenyewe imesimama katikati kama tuta la barabarani. Puti ya tyubu ni kinyume chake. Ni laini kuliko plastiki, kwa hiyo ukisugua kwa ncha ya kidole, kidole kinazama pale penye ulaini na kuchimba mfereji. Fundi anaona mfereji, anaongeza puti, anasugua tena kwa kidole kilekile, anachimba tena. Nimewahi kuzunguka hivyo jioni nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini sisi huku hata ukiuziba, ukiuziba kwa pupa, ukuta unajenga vilevile.

Dawa ni kuweka kitu kigumu nyuma ya msasa. Kifutio cha shule kilichokatwa kinatosha, au kijiti bapa cha mbao. Kigumu kinapita juu ya kilele cha tuta bila kuchungulia bondeni.

Na ule ubapa wa mgongo umetokea kwa sababu ulisugua mbele na nyuma kwa kufuata mshono, sehemu moja, muda mrefu. Si ndiyo? Kiwiliwili ni mviringo, mkono nao lazima uzunguke. Kata ukanda wa msasa wenye upana wa sentimita moja, uzungushe juu ya mgongo, vuta huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu kwa kitambaa. Kazi ya kwanza na kifutio, kuangusha tuta. Ya pili na ukanda, kurudisha mviringo. Mimi 400 nagusa tu pale kwenye tuta lenyewe, kisha 600, 800, 1000, na kwa rangi ya fedha nafika 1500 au 2000. Kila namba ina kazi moja, kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Wewe uliishia 800, na fedha itaonyesha hilo pia, bado tu hujaliona. Tumia maji yenye tone la sabuni. Msasa hauzibi, na vumbi linabaki kwenye tope badala ya kuingia kifuani. Kwa supaglu na puti za sehemu mbili ukisugua kavu, vaa barakoa ya maana.

Hiyo iliyoko mezani usiivue yote. Iache kwanza. Nasema kweli, iache wiki mbili, imalize kunywea. Kisha sugua ule mstari tu kwa 1000 na maji mpaka uone plastiki kulia na kushoto, jaza bonde kwa prima nzito ya chupa kama Mr. Surfacer 500, kwa brashi nyembamba, mara mbili tatu ukiacha ikauke katikati. Sugua na kitu kigumu. Ukifika kwenye rangi, usipige doa. Ziba kwa tepu mpaka kwenye mistari ya paneli, piga paneli nzima nzima. Ikitofautiana kidogo na jirani yake ndiyo vizuri, mabati ya ndege halisi nayo hayakufanana.

---

BintiSindano aliandika:

Shikamoo Mzee Tupa. Umemaliza yote, umeniachia mistari tu.

Kinda, ile mistari iliyokatika hukuipoteza wakati wa msasa. Uliipoteza kabla, kwa kutoilinda. Kabla sijasugua mshono wowote napita na sindano kwenye kila mstari unaoukaribia, naongeza kina kidogo, kwa urefu wa sentimita moja kila upande. Mstari wa kiwandani ni mfereji wa kina kidogo sana, msasa wa 400 unaufuta kwa mikupuo kumi. Ukiuongeza kina, baada ya msasa bado una pa kuanzia. Halafu nabandika maskinteipu pande zote mbili za mshono, nikiacha wazi milimita mbili au tatu. Puti haitapakaa nje, na ukianza kusugua, tepu inachubuka kabla ya misumari na vifuniko vyako. Ikishachubuka unabadilisha.

Kuuchora upya. Usitumie maskinteipu kama mwongozo, ni laini, sindano itapanda juu yake. Tumia ile tepu nene ya plastiki ya mashine za kuchapia lebo. Ni ngumu na inakunjika kufuata mviringo wa mgongo. Ibandike iunganishe mstari wa kushoto na wa kulia, weka sindano ndani ya mfereji uliobaki, milimita tano kabla ya pengo, kisha vuta. Mara ya kwanza usibonyeze kabisa, uzito wa sindano yenyewe unatosha. Mara ya pili kidogo. Mimi hupita mara tano au sita. Wanaoharibu ni wanaotaka kukata kwa mpito mmoja, sindano ikikutana na puti inaruka.

Na hapa ndipo uchaguzi wa kijazio unapokuumbua. Kwenye uzi wa plastiki wa Mzee Tupa sindano inapita kama kwenye plastiki nyingine, kwa sababu ni plastiki. Kwenye supaglu iliyolala inakwaruza na kumeguka vipandevipande kama kioo. Kwenye puti ya maji, zile za akriliki, ndiyo usijaribu, inang'oka kama magamba. Kwa mshono unaovukwa na mistari natengeneza kijazio changu: vipande vya fremu ya seti hiyohiyo, vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia sehemu za ndege, vidogo kama punje za mchele, ndani ya chupa ya gundi iliyobaki robo. Kesho yake ni kama asali. Inanywea sana, kwa hiyo paka kwa kuzidisha na iache siku saba. Ukiwa na haraka usiitumie.

Ukimaliza kuchora, pitisha brashi yenye gundi nyepesi kidogo mno juu ya mstari, mara moja, haraka. Vinyweleo vya plastiki vinayeyuka na kingo zinalainika.

La mwisho, kabla ya kufuta mshono jiulize kama kwenye ndege halisi haupo. Nimeona watu wanahangaika usiku kucha kufuta mshono wa mgongo wa Messerschmitt Bf 109, wakati kiwiliwili chake cha nyuma kiliundwa kwa nusu mbili zilizokutana juu na chini. Ule unatakiwa uonekane, kama mstari mwembamba. Kuna upande wa pili pia: Mustang aliyoitaja Mzee, mabawa yake halisi yalijazwa puti kiwandani na kusuguliwa, mistari na riveti za sehemu ya mbele ya bawa zikafunikwa ili hewa ipite laini. Kwa hiyo kwenye ile seti unafuta hata mistari uliyouziwa. MiG-15 yako haina mshono mgongoni wa kusingizia, pole. Ina ule mstari unaozunguka kiwiliwili nyuma ya mabawa, pale mkia mzima ulipokuwa unavuliwa ili kuifikia injini. Huo ukikatika mgongoni utaonekana kuliko yote. Anza nao.

---

Gari_Bovu aliandika:

Nakubali kumeguka. Lakini changanya supaglu na unga wa talki, siyo soda ya mkate, talki. Ukichanganya na soda inaganda papo hapo na kuwa jiwe. Na talki inakuwa laini zaidi, inasugulika hata kesho, sindano inapita bila vita sana. Mzee Tupa hilo umelisahau ama umelificha?

---

MzeeTupa aliandika:

Nimelisahau. Umenipata.

BintiSindano, marahaba.

---

KindaLaPlastiki aliandika:

Aisee asanteni sana. Ni kweli nilisugua mbele na nyuma kama napiga pasi. Maswali mawili halafu nawaacha. Nitajuaje mshono umeisha kabla sijapaka fedha, kama prima ya kijivu inadanganya? Nina kalamu nyeusi ya wino usiofutika, nimesikia watu wanapaka juu ya mshono wanasugua, wino ukibaki wanajua ni bonde. Pili, kwenye shina la bawa la kushoto kuna ufa wa kama nusu milimita, juu tu. Huko msasa hauingii, kuna kona, na jirani yake kuna ukingo mzuri sitaki kuuharibu.

---

MzeeTupa aliandika:

Kalamu hiyo iweke mbali na ndege. Mbinu ni sahihi, wino ndio shida. Ule wino unapenya rangi. Utapaka fedha, na baada ya siku kadhaa utaona kivuli cha zambarau kinakuja juu kama damu kwenye bandeji. Tumia penseli laini, au rangi ya akriliki nyeusi iliyotiwa maji. Mimi hupaka fedha yenyewe kwa brashi, ukanda mwembamba juu ya mshono tu, kabla hata ya prima. Nasugua na 1000. Fedha inapobaki ndipo penye bonde. Nikiona vidoa vya fedha vimejipanga mstari, najaza. Nikiona hakuna, napaka tena fedha, naigeuza kwenye taa moja, chumba kizima kikiwa giza, taa ikiwa chini usawa wa meza. Taa ya juu inasamehe, taa ya pembeni haisamehi.

Jaribio la mwisho ni la binti yangu. Namfumba macho, nampa kiwiliwili, namwambia atafute mshono kwa kidole gumba. Kidole kinahisi vitu ambavyo jicho langu halioni tena. Alipokuwa mdogo alikuwa ananidai peremende kwa kila mshono alioupata. Siku hizi anadai aachwe asome. Ndege moja aliupata pale nilipokuwa nimeshapiga prima mara tatu, akasema, "Baba, hapa kuna ngazi." Haikuwa bonde wala tuta, nusu moja ilikuwa juu ya mwenzake kwa upana wa unywele. Ngazi hujazi, ngazi unaisugua upande ulio juu mpaka ishuke. Ukiijaza unapata kilima.

Shina la bawa nawaachia wengine.

---

BintiSindano aliandika:

Shina la bawa ndipo puti ya maji inapopata heshima yake. Vallejo, wale watengeneza rangi, wanayo, na nyingine zipo. Paka kwenye ufa kwa ncha ya kijiti, ingiza ndani kabisa, halafu kabla haijakauka chukua kijiti cha pamba ulichokilowesha na kukikamua, futa kwa mpito mmoja kutoka puani kwenda mkiani. Ya juu inaondoka, ya ndani inabaki. Kona yako inabaki kona, msasa haujagusa kitu. Ikinywea rudia. Hapo hakuna mstari wa kuchora kwa hiyo udhaifu wake haukuhusu.

Ila kwa ndege ya nne, ufa wa juu ya bawa hauzibwi, unavutwa. Kabla gundi haijakauka, tepu kutoka ncha ya bawa moja, ipande juu ya mgongo, mpaka ncha ya bawa jingine. Ukiikaza, mabawa yanainuka kidogo na ufa unajifunga. Hakikisha tu hujazidisha pembe, MiG-15 mabawa yake yanainama kuelekea chini kidogo, siyo juu. Ikigoma kabisa, kata kijiti cha fremu, kiweke ndani ya kiwiliwili kati ya mabawa kama nguzo, kisukume kuta nje. Hilo lazima ulijue kabla ya kufunga kiwiliwili, ndiyo maana tunasema jaribu kila kitu bila gundi kwanza.

---

KindaLaPlastiki aliandika:

Narudi baada ya wiki tatu na nusu kama nilivyoagizwa.

Niliiacha siku kumi na nne. Siku ya tano niliikuta mkononi mwangu bila kujua niliichukua saa ngapi, nikairudisha. Nilipoanza kusugua, lile bonde lilikuwa limeongezeka kina kidogo kuliko siku niliyowaandikia, kwa hiyo Mzee Tupa ulikuwa sahihi, bado lilikuwa linaendelea kushuka. Mr. Surfacer mara tatu. Kifutio kilichokatwa, halafu ukanda wa kung'arisha kiatu. Mgongo umerudi mviringo, siyo kamili, ila mkate umeinuka.

Ukanda wa fedha ulinitoa jasho. Mara ya kwanza ulibaki karibu urefu wote, nikataka kulia. Mara ya pili ulibaki nyuma ya kioo tu, kama sentimita mbili. Mara ya tatu ukabaki vidoa vitatu. Mara ya nne hakuna. Mke wangu amekataa kufumbwa macho lakini alipitisha kidole akasema haoni cha kusema.

Mistari: ule unaozunguka nyuma ya mabawa umeungana vizuri. Mwingine mmoja sindano iliruka, ikaacha mkwaruzo kama sharubu. Nilijaza kwa supaglu na talki ya Gari_Bovu, nikasugua baada ya nusu saa, nikachora tena. Ukijua ulipo utauona. Shina la bawa kwa kijiti cha pamba ilichukua dakika nne, nilikasirika jinsi ilivyokuwa rahisi.

Jana nimepiga fedha, paneli moja moja. Leo nimeitazama kwa taa ya pembeni, chumba giza. Mgongo safi.

Tumboni sikugusa. Mstari upo kule kule. Lakini imesimama kwa magurudumu yake, nani ataigeuza?

---

MzeeTupa aliandika:

Mimi huwa nageuza.